Historia kwa Mstaafu: Namna ya Kuanza Uchunguzi na Kuumaliza

Maswali ya mstaafu anayetaka kuchunguza historia ni yaleyale kila mara. Je, lazima niwe na shahada ya historia? Nianze na nani? Nyaraka za zamani ziko wapi, na nikizipata nizifanyeje? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ya kwanza hadi siku ya kukabidhi ulichokiandika.

Shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni muda, na huo mstaafu anao kuliko mwanafunzi wa chuo anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi tasnifu. Unaweza kukaa na rejista moja wiki nzima mpaka ukauzoea mwandiko wa karani aliyeiandika, ukamjua anavyofupisha majina na siku alizokuwa na haraka. Sehemu kubwa ya raha ya kazi hii imo humo. Lakini muda huohuo ndio unaowaangusha wengi: wanakusanya miaka nenda miaka rudi, kabati linajaa, na hawajaandika hata ukurasa mmoja. Hatua zilizo hapa zimepangwa kukulazimisha uandike mapema.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la jalada gumu. Zipe kurasa namba kwa mkono wako kabla ya kuandika lolote.
- Penseli za HB au 2B na kichongeo. Vyumba vingi vya kusomea nyaraka haviruhusu kalamu ya wino, kwa sababu tone likidondokea hati haliondoki.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi isiyopungua GB 10.
- Lenzi ya kukuza mara 3 hadi 5, na tochi ndogo ya LED.
- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali, na diski mbili za nje.
- Bahasha na folda za karatasi isiyo na asidi.
- Miwani ya kusomea iliyopimwa karibuni. Mara nyingi 3 inayosomwa kama 8 ni kosa la miwani, karani hana hatia.

Usinunue skana siku ya kwanza. Subiri ujue una picha ngapi.

Hatua kwa hatua

1. Andika unachokumbuka wewe, kabla hujasoma chochote.

Kama utachunguza shule uliyosoma, kiwanda ulichofanyia kazi au mtaa ulikokulia, wewe mwenyewe ni chanzo. Ila ni chanzo kinachoharibika haraka. Ukishasoma gazeti au ukishamsikiliza mwenzako, hutaweza tena kutenga ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia juzi. Andika kurasa 5 hadi 10, weka tarehe, ufunge. Usizirekebishe baadaye hata ukigundua ulikosea. Makosa yake nayo ni ushahidi wa namna tukio lilivyokumbukwa.

2. Chagua swali dogo linalojibika.

"Historia ya shule yetu" si swali. "Ni walimu gani walifundisha hapa kati ya 1950 na 1965, na walitoka wapi?" hilo ni swali. Lina mahali, lina miaka, na lina watu wenye majina wanaoweza kutafutwa kwenye rejista za mishahara na vitabu vya mahudhurio. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila unapokuta jambo tamu lisilohusika, na utayakuta mengi, lipeleke kwenye kurasa za mwisho ulizozitenga kwa "mengine", kisha urudi kwenye swali.

Kama huwezi kutaja aina tatu za nyaraka zinazoweza kukujibu, swali bado ni pana mno au limekaa mahali pasipo na maandishi. Libane.

3. Zungumza na watu kwanza.

Nyaraka zinasubiri, watu hawasubiri. Anza na wenye umri mkubwa zaidi hata kama wanaishi mbali.

Omba ridhaa kwa maandishi: rekodi itatumika wapi, jina litajwe au lisitajwe, na kuna sehemu zinazopaswa kufungwa mpaka lini. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Weka simu katika hali ya ndegeni ili isiite katikati ya maelezo. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka mdomoni mwa mzungumzaji, kwa kuwa meza tupu hupitisha kila mgongano wa kikombe. Zima feni na televisheni, na kaeni mbali na friji. Kama programu inaruhusu, rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), 48 kHz na biti 24. Saa moja ya mono (njia moja ya sauti) itachukua karibu MB 520. Jaribu dakika moja, isikilize, ndipo uanze.

Kikao kimoja kisizidi dakika 90. Maswali yawe wazi: "Siku ya kazi ilianzaje?" Ukiuliza "Mlikuwa mnaonewa, sivyo?" umeshalijibu mwenyewe. Usiulize "Ilikuwa mwaka gani?" Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka maisha yao. Uliza walikuwa wakiishi nyumba gani, mtoto yupi alikuwa amezaliwa, nani alikuwa mkuu wa kazi. Mwaka utaupata wewe baadaye. Akinyamaza, nawe nyamaza. Mara nyingi jambo zito huja baada ya ukimya ambao mhojaji mwenye papara angeuvunja.

Tahadhari tatu. Usimsahihishe mzungumzaji. Usiwahoji wawili pamoja mara ya kwanza, maana mmoja atameza kumbukumbu za mwenzake. Na usiahidi kuandika rekodi nzima neno kwa neno: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, pengine zaidi. Tengeneza faharasa ya dakika (00:14 mgomo, 00:22 msimamizi mpya), kisha uandike kwa ukamilifu sehemu utakazozinukuu tu.

4. Tunza vilivyo nyumbani.

Barua, vyeti, picha na risiti za ndugu na majirani hujibu maswali ambayo hifadhi kubwa haiwezi kuyajibu. Kabla hujagusa kitu, piga picha ya boksi au albamu ilivyo. Mpangilio wenyewe unaweza kukuambia nani aliweka nini na lini.

Karatasi ishike kwa mikono safi iliyokauka. Glavu za pamba zinakufanya usihisi ukingo, nawe unaichana. Picha na negatifu zishike pembeni, au vaa glavu za nitrili. Usitumie selotepu wala usilaminishe, kwa maana joto na gundi haviwezi kutenduliwa. Picha zilizoganda kwenye albamu ya kurasa zenye gundi usizibandue kwa kucha. Piga picha ukurasa mzima, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno polepole nyuma ya picha. Ikikataa, iache.

Majina ya waliomo yaandike kwa penseli laini nyuma, pembezoni, bila kukandamiza. Picha zenye mgongo laini wa plastiki hazishiki penseli; andika kwenye bahasha kabla ya kuziingiza. Hifadhi mahali penye ubaridi na giza, mbali na dari na sakafu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65, ukungu uko njiani.

Kwa skana: hati 300 dpi (nukta kwa inchi), picha 600 dpi, negatifu za milimita 35 angalau 2400 dpi. Skani na upande wa nyuma, kwa kuwa muhuri wa studio uko huko. Faili la TIFF ni la kuhifadhi, la JPEG ni la kutuma. Na ukiomba ndugu akutumie picha kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati, la sivyo itapunguzwa ubora ikiwa njiani.

5. Nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ukiwa na namba, si na mada.

Kosa la karibu kila mgeni ni kuomba "kila kitu kuhusu" jambo fulani. Hifadhi ya nyaraka haipangwi kama maktaba. Nyaraka hukaa kwa kufuata ofisi iliyozitengeneza, na ndani ya ofisi hiyo hubaki katika mpangilio wake wa asili. Kwa hiyo usijiulize tu mada yako ni nini. Jiulize: ni ofisi gani ilishughulika na jambo hili, na ilikuwa ikiandika nini? Mshahara unaacha nyayo kwa mhasibu, ugomvi mahakamani, kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, ubatizo kanisani, ajali kwa polisi, hospitali na gazeti. Ukilijua hilo, nusu ya safari umeimaliza ukiwa nyumbani.

Kabla ya kwenda, soma katalogi, chagua majalada matatu au manne, uandike namba zake za kumbukumbu. Tuma barua pepe fupi yenye swali moja. Uliza kitambulisho kinachotakiwa, kama kupiga picha kunaruhusiwa, na kama majalada huagizwa siku moja kabla. Mtunza nyaraka akipata swali bayana, atakutajia mfululizo wa majalada ambao usingeuwazia. Huyo ndiye mtu wa kumpa heshima zote.

Ukifika, picha ya kwanza iwe jalada la nje lenye namba, kisha kurasa zote kwa mfuatano bila kuruka. Hakuna flashi, hakuna kulowesha kidole, hakuna kupanga upya karatasi hata kama zimepangwa ovyo.

Baadhi ya kumbukumbu hufungwa kwa sababu ya faragha. Marekani hufunga majibu ya sensa ya kila mtu kwa miaka 72. England na Wales ni miaka 100. Ndiyo maana sensa ya Marekani ya 1950 na ile ya England na Wales ya 1921 zote zilifunguliwa mwaka 2022. Angalia sheria ya nchi inayohusika mapema, usije ukapanga mwaka mzima kwa kutegemea jalada lililofungwa.

Mengi yako pia mtandaoni. FamilySearch ina rejista za nchi nyingi, na inatumika bure kwa kufungua akaunti. Internet Archive ina vitabu na ripoti za zamani. Mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini kupotea, ulioanza 2004, una picha za makusanyo ambayo hayako katika hifadhi za taifa. Ila usidhani kwamba kisichoonekana mtandaoni hakipo. Sehemu kubwa ya nyaraka duniani haijawahi kupigwa picha.

6. Andika chanzo kabla ya kuandika habari.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua kazi zaidi. Juu ya kila ukurasa wa daftari andika: hifadhi, namba ya jalada, namba ya ukurasa, tarehe ya hati, tarehe uliyoisoma. Ndipo uandike kilichomo. Tenga kwa alama maneno ya hati yenyewe, muhtasari wako, na maoni yako. Miezi minane baadaye vyote vitafanana, na hutajua kipi ni cha nani.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku: 1957-03-14_barua_mkuu-wa-stesheni_01. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Sehemu isiyojulikana iandikwe 00. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye diski inayokaa nyumba nyingine kabisa. Diski mbili katika droo moja huungua pamoja.

7. Jifunze mwandiko kabla ya kutafsiri.

Tafuta ukurasa wenye maneno usiyoweza kuyakosea, kama miezi, namba na majina ya mahali. Nakili kila herufi kutoka humo, utengeneze jedwali la alfabeti ya mwandishi huyo. Kisha nakili hati kama ilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Neno usilolisoma liwekee [?] na usilikisie. Ukirudi kesho yake asubuhi, theluthi ya alama hizo huenda zikajifungua zenyewe. Jicho linahitaji kulala. Kazi hii isizidi dakika 45 bila kusimama. Mgongo utakushukuru.

8. Pima kila tarehe.

Hapa ndipo kazi inapogeuka upelelezi, na hapa mchunguzi asiye msomi anaweza kumshinda msomi kwa uvumilivu tu.

Anza na siku ya wiki. Barua ikisema Alhamisi, 14 Machi 1957, kalenda inakubali. Ikisema Jumanne, kuna aliyekosea. Kati ya 1901 na 2099 kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28, hivyo ya 1957 ni sawa na ya 1985.

Angalia kifaa. Kalamu za bolpeni zilianza kuenea sokoni miaka ya 1940, kwa hiyo maelezo ya bolpeni nyuma ya picha ya 1920 yaliongezwa baadaye, pengine na mjukuu aliyekuwa akikisia. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi yenye tabaka la plastiki haiwezi kuwa ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, hata kama tukio ni la zamani zaidi. Hiyo ni nakala.

Angalia jina la mahali. Mji wa St. Petersburg uliitwa Petrograd kuanzia 1914, Leningrad kuanzia 1924, na ukarudia jina lake 1991. Hati "ya 1910" inayotaja Leningrad imeandikwa 1924 au baadaye, basi. Tengeneza orodha ya namna hiyo kwa mahali pako: majina ya mitaa, wilaya, shule na ofisi, pamoja na mwaka wa kila badiliko.

Angalia kalenda. Uingereza ilihamia kalenda ya Gregori, hii ya kawaida tunayotumia leo, mwaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatiwa na 14. Urusi ilihama 1918. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11, kwa hiyo kwa makadirio zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1350 Hijria unatoka 1931 na ushei, na kweli ulianza Mei 1931. Kumbuka pia umri: aliyefariki akiwa na miaka 66 ya Hijria alikuwa na kama 64 kwa kalenda ya kawaida. Na saa je? Ripoti ya Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane, mzee wako kuanzia machweo na macheo. Tofauti ya saa sita imewahi kuzaa "matukio mawili" ambayo kumbe ni tukio moja.

Angalia mbingu. Kupatwa kwa jua kunakokumbukwa na wazee kunaweza kutafutiwa siku kamili kwenye majedwali ya wanaastronomia. Lakini nyota yenye mkia ya 1910 ina mtego: mwaka huo zilionekana mbili, moja kubwa sana Januari, kisha ile ya Halley mnamo Aprili na Mei. Wengi walioamini wameiona Halley waliona ile ya Januari.

Mwisho, usiiamini miaka inayoishia na 0 au 5 pale watu walipokuwa wakikisia umri. Kwenye sensa za zamani wenye miaka 40 hujaa kuliko wenye 39 na 41, ingawa hakuna sababu yoyote ya kuzaliwa kwa mafungu.

9. Andika mwezi wa tatu, umalize usimalize.

Maneno 800 hadi 1,000 yanatosha. Kila dai liwe na namba inayorudi kwenye daftari. Tumia lugha inayopima uhakika: "ilikuwa" kwa kilichothibitishwa na vyanzo viwili visivyonakiliana, "inasimuliwa" kwa cha mdomo pekee, "huenda" kwa hoja yako. Mapengo yatajionyesha yenyewe, nayo ndiyo orodha ya kazi ya miezi mitatu ijayo.

Wasomee waliohojiwa sehemu zinazowahusu kabla hujasambaza. Siri za walio hai, kama magonjwa, kesi na nasaba, zitoe zisipohitajika kujibu swali. Na kumiliki barua si kumiliki hakimiliki yake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda maandishi kwa maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka 70.

Ukikwama

*Jina halionekani kwenye rejista.* Lisome kwa sauti, uliandike kama karani mgeni angelisikia. Badilisha r na l, ondoa silabi ya kwanza, geuza jina la kwanza na la pili. Likikataa bado, mtafute jirani, mke au mwajiri, kisha soma kurasa mbili kabla na mbili baada yake.

*Vyanzo viwili vinapingana.* Uliza nani alikuwa karibu na tukio, aliandika baada ya muda gani, na nani alikuwa na sababu ya kupindisha. Usipoweza kuamua, viweke vyote viwili mbele ya msomaji.

*Vyanzo vitano vinakubaliana mno.* Huenda vyote vimenakili kimoja. Tafuta kosa la tahajia linalojirudia.

*Wino umefifia.* Piga picha bila flashi, ongeza kontrasti, kisha tazama rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake kwenye programu ya picha. Wino wa kahawia mara nyingi huonekana vizuri kwenye bluu. Kwa penseli iliyofutwa, laza mwanga wa tochi ubavuni mwa karatasi.

*Jalada limepotea.* Barua ina ncha mbili. Nakala ya mtumaji ikipotea, ya mpokeaji inaweza kuwa katika ofisi nyingine, mji mwingine, hata nchi nyingine. Omba pia namba inayotangulia na inayofuata, kwa sababu karatasi hurudishwa pasipo pake.

*Mzungumzaji anarudia hadithi ileile.* Mpe karatasi achore ramani ya mahali. Mkono hukumbuka mlango ambao mdomo umeusahau.

*Familia haitaki makaratasi yako.* Zungumza na hifadhi au maktaba ya mahali hapo ukiwa na nguvu zako. Wataomba orodha ya vilivyomo, boksi kwa boksi, nenosiri za mafaili yaliyofungwa, na fomu za ridhaa za kila mahojiano. Rekodi isiyo na fomu huenda wasiipokee, au wakaipokea na kuifunga.